Jina la Mkubwa wa Ofisi

Jumatatu, 17 Mei 1999

Kompyuta imegoma. Nimeandika habari ya mnada wa Msalato, nikabonyeza pa kutuma, modemu ikalia kama kawaida yake, kisha kioo kikaniambia seva haipatikani. Mara tatu! Mwishowe nikaisoma kwa simu hadi Dar, neno kwa neno, dakika ishirini na mbili.

Kumbe Dar wamefunga seva mpya tangu Jumamosi — ile kompyuta kubwa inayotunza habari za ofisi zote za mikoani. Hakuna aliyekumbuka kunieleza.

Meza tatu, mtu mmoja. Nimefuta vumbi kwenye zote tatu.

Jumanne, 18 Mei

Waraka kwa faksi. Kila ofisi ya mkoa iunganike na seva mpya ili kumbukumbu zake zihamie huko. Mwisho ni Jumatatu tarehe 31, saa sita mchana. Saa hiyo inatolewa orodha: jina la mwandishi na idadi ya habari alizoandika tangu programu hii ya kutuma habari ianze, Januari mwaka jana. Mwenye chini ya mia moja, ofisi yake inafungwa. Asiyeunganika atasomeka sifuri.

Nina miaka hamsini na miwili, kumi na tisa yote hapa Dodoma. Gazeti liliuzwa mwaka juzi na wenye nalo wapya wanapenda orodha. Februari waliwapunguza waandishi wenzangu, Mwantum na Ulimboka, siku moja. Nikabaki mimi. Kufunga ofisi ya mtu mmoja mwenye sifuri ni kazi ya dakika mbili.

Alhamisi, 20 Mei

Nimempata Elisante, fundi wa Dar, yule aliyetufungia programu. Tatizo: laini ni moja. Modemu ikiishika, sina simu ya kuongea. Kwa hiyo naongea naye kwa simu ya Debora, duka la dawa jirani, narudi mbio ofisini, najaribu, narudi tena kwa Debora kumwambia kilichotokea. Safari kumi na moja leo. Wagonjwa wananipisha mlangoni.

Debora: "Mama Paska, huyo Seva ni mwanaume gani asiyepatikana wiki nzima? Mwache!"

Wateja wamecheka. Na mimi nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Kuna faili la setingi. Mistari minne: jina la seva, namba ya mlango, jina la mtumiaji, paswedi. Elisante anasema seva ni kama nyumba yenye milango mingi. Ukibisha mlango usiopokea wageni, utadhani hakuna mtu. Tumebadilisha jina la seva na namba ya mlango. Bado haipatikani.

Ijumaa, 21 Mei

Nimemwuliza Elisante namba ya mlango aliyonipa jana ameitoa wapi. Akasema anaikumbuka. Nikamwambia asome kwenye karatasi, asisome kichwani. Nikasikia makaratasi yakipekuliwa, kisha: "Samahani, mama. Hiyo ilikuwa ya seva ya zamani."

Siku nzima imepotea kwa mtu kukumbuka. Namba mpya tutaijaribu Jumatatu. Jioni hii hakuna simu mtaa mzima.

Jumapili, 23 Mei

Misa ya kwanza. Kwenye kutakiana amani nimeshikana mikono na watu wanne. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Jumatatu, 24 Mei

Maneno kwenye kioo yamebadilika! Haisemi tena kwamba seva haipatikani. Inasema mtumiaji hakubaliki.

Elisante alisikitika. Mimi nikamwambia hayo ni maendeleo. Nimebisha milango ya wakubwa miaka ishirini na sita. Karani akiacha kusema bosi hayupo, akaanza kusema bosi hataki kukuona, ujue bosi yupo ndani.

"Mama, ungefaa kuwa fundi," akasema.

Jumanne, 25 Mei

Imeunganika. Saa nne na robo asubuhi.

Kosa lilikuwa paswedi. Ya kwetu ina herufi nne, seva mpya inataka sita. Jina la mtumiaji ni PASKAZIA. Nikamwuliza Elisante kwa nini langu, wakati sote watatu tulitumia kompyuta hiyohiyo.

"Mama, nafasi ya jina ilikuwa moja kwa ofisi nzima. Nikaweka la mkubwa wa ofisi. Ningewekaje la dada Mwantum nawe upo? Ningeonekana sina adabu."

Nikamshukuru. Kumbukumbu zilihama kwa dakika arobaini. Mwisho kioo kikaandika: PASKAZIA, habari 214.

Nilifurahi mpaka chai ilipochemka. Kisha nikakaa nikahesabu miezi. Mimi sikuandika habari 214.

Jumatano, 26 Mei

Nimezichapisha zote, tangu Januari mwaka jana. Mstari wa kwanza wa kila habari una jina la aliyeiandika. Gazetini lilitoka hivyohivyo. Lakini programu haisomi mstari huo. Inasoma setingi.

Nimezigawa mafungu matatu, nikarudia mara mbili.

Mimi: 88.
Mwantum: 71.
Ulimboka: 55.

Februari tisa Mhariri aliniletea barua ya pongezi. Mwandishi hodari wa mikoani, habari 187. Nilidhani mpiga chapa amekosea. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo. Kila namba inayopita mezani kwangu huwa naihakiki. Ile iliyonipendelea sikuihakiki.

Siku tatu baadaye ndipo wenzangu walipopewa zao. Mwantum aliweka yake mezani, akaniuliza: "Dada Paskazia, wewe unaona sawa?" Nikasema hayo ni mambo ya wenye gazeti. Sikuomba kuisoma. Akafunga virago, akaenda kwao Kondoa. Mpaka leo hajanipigia.

Alhamisi, 27 Mei

Nimempigia Mhariri, nikamweleza lilivyo, bila kuongeza. Aliuliza nani mwingine anajua. Kisha akasema barua zile alizisaini yeye kwa kuamini kompyuta, na wale wawili wakienda mahakamani gazeti litalipa na yeye ataondoka. Nikimrekebishia orodha, mimi mwenyewe nitakuwa na 88, na Dodoma itafungwa. Nani atafaidika?

"Dada, umeunganika, umesalimika. Usichokonoe."

Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayenifanyia hisani.

Ijumaa, 28 Mei

Elisante anasema jina linaweza kubadilishwa, ila habari moja moja, kwa mkono, kutoka kompyuta ya hapa. Seva mpya inaruhusu majina zaidi ya moja. Amefungua mawili, MWANTUM na ULIMBOKA. Sikumwomba. Nilimwuliza tu kama inawezekana.

"Wewe ndiye mkubwa wa ofisi, mama. Ukiniuliza hivyo nahesabu umeniagiza." Kisha: "Lakini yako itashuka chini ya mia."

"Najua kutoa, Elisante."

Habari 126. Kila moja kama dakika moja na nusu, laini isipokatika. Zikibadilishwa kabla ya orodha kutoka, orodha itatoka hivyo. Majina yakibaki yalivyo hadi hapo, yamebaki.

Nimemwandikia Ulimboka, Tukuyu, kwa anwani ya kanisa lao. Sina nyingine.

Jumamosi, 29 Mei

Kondoa. Basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi, limefika saa sita kasoro. Wa pembeni yangu alilala njia nzima.

Mwantum yupo sokoni, kwenye mashine ya kukamua alizeti ya kaka yake, Hashimu. Mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko. Hakushangaa kuniona, au hakutaka nione. Tukasalimiana. Hashimu akaleta chai na kashata, akaniambia dada yake anaandika daftari la mashine vizuri mno, haijawahi kuwa na karani kama huyo. Mwantum akamwambia akaangalie mashudu.

Nikampa karatasi niliyoorodhesha habari zake na jina zinalosomeka kwenye seva. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma habari kabla ya kutuma. Akaweka kidole mahali.

"Hii ya kipindupindu cha Busi. Nililala kule siku tatu. Ulimboka aliniletea maji ya kunywa kwa pikipiki."

"Naikumbuka."

"Inasomeka ni yako."

"Ndiyo."

Akaenda ndani, akarudi na barua yake. Sentensi moja imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: habari zilizoandikishwa kwa jina lako ni sifuri.

"Nilidhani wananitukana tu. Halafu nikasikia wewe umesifiwa. Nikasema, basi dada anajua. Ndiyo maana hakutaka hata kuisoma."

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia pia kwamba ningeweza kujua, barua ya kwangu ilikuwa mezani siku tatu kabla ya yake.

Akafuta mikono kwa kanga kuukuu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Umekuja kuniomba radhi, au kunieleza utafanya nini?"

Nikasema la kwanza ndilo lililonileta. La pili bado.

"La kwanza tayari nimelisikia, dada Paskazia."

Hakuuliza kama anaweza kurudi kazini. Hakunikaribisha kulala. Hashimu ndiye aliyenisindikiza hadi gesti, amenibebea na chupa ya mafuta.

Jumapili, 30 Mei

Nimerudi. Vumbi tupu. Wabunge wameanza kuingia kwa ajili ya bajeti, gesti zimejaa, mji una watu kila kona. Sijamjua hata mmoja kati ya niliopishana nao toka stendi hadi nyumbani.

Jumatatu, 31 Mei

Saa mbili na dakika tano. Modemu imeshika. Naandika hapa kati ya habari moja na nyingine, kioo kikiwa kinafikiri.

Nimeanza na za Ulimboka, ni chache. Mabehewa yaliyoanguka. Zabibu zilizooza kwa kukosa mnunuzi. Mwalimu aliyefundisha darasa la watoto mia na themanini. Huandika aya ndefu mno, nilikuwa nikimkatia.

Saa tatu u nusu. 55 zimekwisha. Kwangu inasomeka 159.

Za Mwantum. Visima. Mirathi ya mjane. Visima tena. Huyu sikuwa na cha kumkatia.

Saa nne na dakika hamsini. Langu sasa ni 109. Nikiachia hapa, ofisi inabaki. Nimetazama namba hiyo muda wa kubadilisha habari mbili, bila kubadilisha.

Kisha nikaendelea. 108. 107.

Saa tano na dakika tano. 100.

99.

Nafungua inayofuata.

Debora ameingia bila kubisha, koti jeupe, kalamu sikioni. "Mama Paska, kuna simu yako kwangu. Mhariri wenu. Anasema amepiga hapa tangu asubuhi, laini inatumika tu. Anataka uikate sasa hivi. Anafoka, mpaka wateja wanamsikia!"

Nimemwuliza kama amesema kwa nini.

"Anasema unajua mwenyewe."

Saa tano na dakika kumi na tano. Langu 93. Zimebaki tano.

"Mwambie laini ina mtu."

"Nimwambie ni nani?"

"Mwantum."

Debora amegeuka kuitazama meza ya Mwantum ya dirishani, kiti kimesukumwa ndani. "Karudi?"

Kioo kimemaliza kufikiri. Kinauliza kama nihifadhi mabadiliko. Ni ile ya Busi. Kule duka la dawa simu imeachwa wazi, bila shaka Mhariri anaita halo, halo, na Debora bado amesimama hapa mlangoni, anasubiri nimjibu.