Marufuku Magurudumu Kulala Barabara ya Chuo

Jumamosi, 1 Julai 1972

Ieleweke kwa wote, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwamba kuanzia leo mkokoteni wangu ni adui wa maendeleo. Imetangazwa! Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Ngollo, amepita na kengele akisoma karatasi kwa sauti ya khatibu: Kamati ya Njia ya mtaa inapiga marufuku chombo chochote chenye magurudumu kulala Barabara ya Chuo, jua likizama hadi lichomoze. Sababu — magari ya walimu wa chuo yapate pa kusimama.

Magari! Mtaa huu sijaona gari likilala ila lililokufa.

Chombo chenye magurudumu kinacholala nje, mtaa mzima, ni kimoja. Changu. Ndicho kinachotoa masanduku ya wanafunzi stesheni hadi chuoni, ndicho kinachotulisha. Wangeandika tu "Nassibu", wakaokoa wino.

Jumatatu, 3 Julai

Nimejua moshi unatoka jiko gani. Mwalimu Marko, yule mgeni aliyepanga nyumba ya mkabala. Hajamaliza hata mwezi hapa mtaani Isevya! Kalalamika kwenye kamati: gari lake liko Iringa, linakuja, atalisimamisha wapi na mkokoteni umejaa pale? Leo kasafiri kumchukua mkewe na hilo gari. Safari njema. Matairi yote yapasuke.

Mkokoteni haupiti mlangoni. Nimejaribu. Nimechubua mlango na kidole. Njia ya kuufikisha uani ni kupitia nyuma, kwenye mihogo ya Ngollo. Nikamwendea kwa adabu zote. Shikamoo. Marahaba. Halafu: "Nassibu, mihogo yangu si barabara." Nikamwambia na barabara nayo si mihogo yako, mzee. Hakucheka.

Kuluthumu, mke wangu, anasema cha kufungiwa uani ni ulimi wangu.

Jumatano, 5 Julai

Shangazi Maua amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Ndiye aliyenilea.



Alhamisi, 6 Julai

Matanga. Ndugu wa kijijini Kigwa wamejaa ukumbini na barazani. Mkokoteni uko mlangoni na kuni na masufuria. Nani awaze magurudumu leo?

Magharibi akaja mgambo wa kamati, Chedego. Mgogo. Na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipopita kwao na misafara wakitozwa hongo, ushuru wa njia, hata kwa maji ya kunywa. Kasimama katikati ya wafiwa, kakunja uso: "Mkokoteni huu nimeukamata!"

Kicheko! Tangu jana tulikuwa tunangoja mtani aje atuvunje huzuni. Bibi mmoja wa Kigwa akampaka unga usoni. "Mgogo mwenye njaa, chukua na sufuria!" Naye: "Nitachukua. Marehemu aliniahidi." Watu wakajishika mbavu. Wakamsaidia kushusha kuni. Wakamsaidia kusukuma. Na mimi — mimi! — nimeshika mpini, naimba, hadi ua wa kamati. Akafunga geti kwa kufuli. Tukampigia makofi.

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Ijumaa, 7 Julai

Nimekwenda kuukomboa mkokoteni kwa mtani, kama ada inavyotaka. Nimepeleka jogoo. Chedego kampokea, kamshika miguu, kashukuru vizuri. Kisha: "Mtani, jogoo ni wa utani. Mkokoteni ni wa kamati."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kicheko changu kikafifia kama redio inayoishiwa betri.

— Kumbe jana ulikamata kweli?

— Si nilisema nimekamata? Mkanipaka unga.

— Mbona hukuukataa huo unga?

— Mtani akatae unga msibani? Wewe unanionaje?

Hata mimi ningemdharau.

Jogoo kabaki naye.

Jumapili, 9 Julai

Kwa Ngollo tena. Alikuwa anakula muhogo, muhogo ule ule usiopitiwa. Hakunikaribisha. "Mlisukuma wenyewe, mkiimba. Nilisikia hapa ndani. Mna sauti nzuri."

Anasema mkokoteni utatoka mlalamikaji akiridhia mbele ya kamati. Mlalamikaji ni Mwalimu Marko. Asiporidhia, unabaki kuwa mali ya kamati, utabeba mchanga wa kujenga ofisi. Kujitegemea! Wanajitegemea kwa mkokoteni wangu.

Chuo kinafunguliwa kesho. Wachukuzi wenzangu wameshasikia habari, leo wananisalimia kwa upole mno. Kuluthumu kapima mchele, kasimama, karudisha nusu kwenye kopo.

Jumatatu, 10 Julai

Naandika nimekalia sanduku la Mwalimu Marko, kando ya njia, nusu ya safari. Shingo inauma kwa kubeba kichwani. Wenyewe wako pale mbele, wananong'onezana kwa nguvu.

Asubuhi yote stesheni nimeangalia wenzangu wakijaza mikokoteni. Kisha garimoshi la pili, na nani anashuka behewa la daraja la tatu? Mwalimu, jasho tupu, na mkewe Bi Bertila, na kitanda cha chuma, na cherehani, na masanduku. Kaniona kafurahi kama kaona nduguye.

"Nassibu! Afadhali! Mkokoteni uko wapi?"

"Umekamatwa, mwalimu. Umepisha gari lako."

Bi Bertila akageuka: "Gari lipi?"

"Lile la Iringa, mama."

"Marko, umewaambia watu una gari?"

Mwalimu akakohoa. Akanivuta nyuma ya nguzo, akanishika mkono kwa mikono miwili, yeye aliyekuwa akiitikia salamu yangu kwa kidevu. Kwenye kamati atakuja, ndiyo, ataridhia, lakini si leo, si wiki hii. Akienda watamuuliza gari. Nimstahi kidogo. Na Ngollo asijue.

Nikamuuliza basi gari litafika lini.

Gari hana. Ameomba mkopo wa kulinunua.