Kesho Nafanya Mtihani Wetu, Baba Atieno

Baba Atieno, mume wangu,

Kesho ni ule mtihani wa ukadiriaji wa hasara za bima. Tulijiandikisha pamoja pale ofisini Kisumu, wewe kwa sababu ulichoka kuwabebea wakadiriaji mikoba, mimi mpiga taipu kwa sababu ulinibembeleza nisikuache usome peke yako. Sasa wewe ndiye uliyeniacha. Nina hasira nawe, wacha niseme mapema.

Unakumbuka Jumapili zetu mtaani Manyatta? Tukitoka kanisani nilikaa mlangoni kutoa samaki magamba, nawe kwenye kigoda na kitabu, ukiniuliza maswali. Siku Atieno alipovunja thamosi ulivaa koti lako la kazi, ukaja kuikagua ukiwa umekunja uso.

"Mama Atieno, hii kitu ilikuwa ya kitambo," ukasema. "Naondoa uchakavu, nalipa nusu."

"Nusu thamosi itaweka chai gani, bwana?"

Mtoto alicheka mpaka akasahau kulia. Thamosi yenyewe hukulipa mpaka leo.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile kila Jumapili: kazi ya fidia ni nini? Nami nilijibu bila kuinua macho: ni kumrudisha mwenye hasara pale pale alipokuwa kabla ya hasara, asipate faida wala asipungukiwe. Ulilipenda sana jibu hilo. Ulisema hujawahi kusoma sentensi yenye haki kama hiyo.

Kisha ikaja ile homa. Tulikuzika kwenu, Bondo, na baada ya mazishi wamama waliingia nyumbani kwako kutoa vitu vyako. Mmoja aliposhika kikombe chako nilipiga kelele, "Msiguse kitu! Hapajakaguliwa!" Ilikuwa sauti yako kabisa, ile uliyotumia kwenye maduka yaliyoungua. Walitazamana, wakadhani nimerukwa na akili, na labda hawakukosea. Mama yako alinikalisha chini, akaniita binti wa kwetu Kisian kama kawaida yake.

"Nyar Kisian," akasema polepole, "ni nani atakuja kukagua?"

Nikawaacha wakichukue kikombe.

Tangu siku hiyo ninavaa koti lako, kama mila inavyotaka kwa mjane, na siruhusiwi kuingia nyumba ya mtu mpaka wazee wanitoe kwenye matanga. Ofisi nayo imesema nikifaulu nitapewa kazi uliyokuwa ukiisomea. Nisipofaulu tunahama Manyatta, na Atieno anaacha shule ya mjini. Nilipomweleza baba yako mdogo kwamba mtihani unafanyiwa katika shule moja Kisumu, alikataa katakata.

"Mjane hawezi kuenda kuingia kwa watu huko Kisumu. Ataharibu hii boma."

Nilijifungia nikalia. Sikuulilia mtihani, nililia kwa kuchoka kuamuliwa kila kitu, hata pa kukanyaga.

Mama yako ndiye aliyemfuata mzee pale nje. Nilimsikia dirishani.

"Shule ni nyumba ya nani?" akamuuliza. "Nani analala huko? Nani anapika huko? Ataenda, atarudi kabla ya giza."

Mzee akakohoa, akaondoka. Ungefurahi, maana mama yako aliisoma mila kama wewe ulivyosoma masharti ya bima, akitafuta mahali ambapo mtu anaweza kupita. Leo asubuhi ameniambia atanisindikiza mwenyewe, akae nje kando ya ukuta mpaka nimalize.

Hata hivyo naogopa. Kufeli naogopa, lakini kufaulu kunanitisha zaidi. Siku hiyo ofisini watanipa mkono wa hongera, kisha watanionyesha kiti chako nikae.

Na lile swali la kwanza halitakosa kuwepo. Wiki nzima nimejaribu kuliandika, na kila mara mkono unagoma nikifika kwenye "pale pale alipokuwa". Kesho nitaliandika lote, neno kwa neno kama ulivyonifundisha, kwa sababu ndilo jibu linalopewa alama, na Atieno anahitaji shule. Lakini wewe ujue, Baba Atieno, kwamba anayeliandika haliamini tena.

Pumzika. Koti nitalirudisha nyumbani salama.

Mke wako,
Mama Atieno