Sikuliidhinisha Paa Lile

Maskati, Ijumaa

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu wewe ni mdogo wake marehemu baba, na mama alinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata siku ambayo moyo hautaki. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na bibi anakula vizuri. Mimi huku ni mzima wa mwili. Joto limeshaanza, kwa hiyo tunapanda mapaa ya watu alfajiri na kushuka kabla vyuma havijaanza kuunguza viganja. Kazi ipo. Mazuri yangu yameishia hapo.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Unataka nikuandikie barua ya kusema kwamba nilipokuja likizo nililikagua paa la darasa la saba nikaliona zima, ili uwasomee wazazi. Haya, barua ndiyo hii. Wasomee.

Sisi watu wa kijijini tulioko huku, wapishi, madereva, wadada wa kazi za ndani, tulichanga mwaka mzima ili shule ipate umeme wa jua. Kwa kuwa kufunga paneli ndiyo kazi yangu, nikatumwa nije nitazame. Mwalimu mkuu, Mwalimu Neema, alinishikia ngazi. Nilichoma kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kwa bisibisi, ikazama kama imeingia kwenye mkate wa boflo. Mchwa walikuwa wamekula mti wakaacha rangi.

Nilishuka nikaandika karatasi mbili zinazofanana, moja nikampa yeye, moja nikakupa wewe mwenyekiti wa kamati ya shule. Niliandika kwamba mbao mpya zitangulie. Niliandika kwamba mkivuta waya kutoka kwenye nguzo za barabara ya Kerege mtaanza kwa gharama ndogo, lakini mtalipia umeme siku zote. Mkifunga paneli mtaanza kwa gharama kubwa na jua halidai, ila betri hufa, na shule isiyoweka akiba ya betri hurudi gizani. Nikamalizia kwamba fedha iliyopo inatosha mbao, na paneli za madarasa mawili tu.

Ulinijibuje? Ulisimama mbele ya wazazi ukasema, "Huyu binti Waarabu wamemzoesha mapaa ya zege, sasa bati zetu zinamtia kichefuchefu. Mgeni rasmi akija apigwe picha na mbao?" Watu wakacheka. Nikainuka nijibu, ukanikata: "Kaa chini. Baba yako angekuwa hai, usingebishana na wanaume."

Nikakaa.

Ukamleta fundi wako kutoka Dar, rafiki wa mwanao. Fedha yote ikaishia kwenye paneli, shule nzima, zikawa zinameremeta hadi barabarani. Mkachinja mbuzi. Ukanitumia picha yako na mgeni rasmi, umeshika mkasi, unacheka.

Masika yakaja. Mwalimu Neema amenisimulia kwa simu. Alikuwa anafundisha hesabu, mvua inapiga, akasikia juu mlio kama wa mtu anayevunja muwa. Akawapigia watoto kelele watoke. "Walitoka wote, Zuhura, isipokuwa Mwanahawa. Alijificha chini ya dawati. Nikarudi kumvuta." Boriti ikamwangukia begani, na paneli juu yake. Sasa mkono umefungwa vyuma, na yeye ndiye aliyekuwa anawaandikia watoto ubaoni kwa mwandiko ambao hata sisi tulijifunzia.

Nawe, mwalimu yuko hospitali Bagamoyo, uliitisha mkutano ukasema, "Paa lilikaguliwa na Zuhura, fundi wetu wa Maskati, akaliidhinisha." Mama yangu alikuwa amekaa pale, Baba Mdogo. Mzazi mmoja ambaye mwanawe alichanwa na bati akikimbia kutoka alimgeukia akamwuliza, "Ndivyo mwanao alivyotulipa?" Mama aliinuka akarudi nyumbani. Hakutoka nje ya ua wiki nzima, hata maji alichotewa na majirani.

Wallahi ningekusamehe mbuzi, na mkasi, na kunikalisha chini. Hilo la mama sikusamehe.

Mwalimu Neema alipotoka hospitali alikwenda mkutanoni mkono ukiwa shingoni, akaisoma karatasi yangu mwanzo hadi mwisho. Ndipo ukanikumbuka. Unaniambia damu ni nzito kuliko maji. Damu ya nani? Ya mwalimu ilimwagika sakafuni.

Nina langu la kukiri, na hili pia wasomee. Wenzangu wa huku waliniuliza kabla ya kutuma fedha, "Tutume?" Nilijua kenchi zilivyo. Lakini nilikuwa bado nasikia kile kicheko, nikasema, "Tumeni." Moyoni nikasema, acha yawakute. Nilikuwa nakufikiria wewe. Watoto sikuwafikiria. Hilo nitalibeba mwenyewe, nami nimeshamwambia Mwalimu Neema. Akasema, "Basi njoo uzifunge mbao na paneli upya mwenyewe." Nimeomba ruhusa kazini. Mchango mpya utanunua mbao, na utapitia kwa mwalimu na kina mama watatu waliochaguliwa na wazazi. Kwako haupiti.

Bibi mwambie dawa yake ya miguu ninayo. Mama Mdogo, mkeo, msalimie sana. Yeye alinificha jikoni siku ile nilipotoka mkutanoni nikilia, na sitasahau. Mwanahawa mpe pole, mwambie hana kosa lolote.

Mama usimpelekee salamu zangu. Na mlangoni kwake usifike mpaka umwombe radhi hadharani, mbele ya watu wale wale walioona akiaibishwa.

Mtoto wa kaka yako,
Zuhura