Ukurasa wa Kiti Kinachoyumba

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Huku paka kazaa ndani ya sanduku la zana, na Baba anatandaza misumeno yake sakafuni ili asimsumbue.

Ile tovuti niliyoitengenezea karakana yetu imeanza kupata wageni. Kwenye ukurasa wa mbele nilimsifu Baba kwamba ni seremala asiye na mfano. Ndani nikaweka kurasa za ushauri, na katika ule wa kiti kinachoyumba nikatia kisa cha Baba kupunguza miguu ya kiti, huu kisha ule, mpaka kikawa kigoda. Nilidhani atakayefika huko atakuwa ameshazisoma sifa. Kumbe mtandaoni kila ukurasa hupimwa peke yake. Anayetafuta dawa ya kiti kinachoyumba huletewa kisa kile, tena cha kwanza, wala hapitii ukurasa wa mbele.

Jumatatu mteja aliingia akicheka. "Fundi Kigoda ndiye wewe? Nina meza yangu, ila naogopa utanirudishia sinia!"

Baba alicheka naye. Mimi nikajifanya nafagia.

Jioni aliniomba nimsomee ukurasa wa mbele. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na kwenye huu, mwanangu, watu wanaingilia wapi?"

Kisa nimekifuta, Shangazi. Kumtazama usoni ndiko kulikonishinda.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.