Njiti ya Kiberiti na Nyayo za Moti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemchoma mbwa Moti kwa mara ya nne. Sindano kumi na mbili za tiba ya Kichina, zisizo na dawa, nyembamba kama unywele – kiunoni, nyongani, magotini. Ana miaka kumi na mitatu. Baridi yabisi imemla nyonga ya kulia. Mama Pramila, mwenye mbwa, alimshika kichwa nusu saa nzima, akimnong'oneza Kigujarati, macho amefumba. Hapendi kuona sindano. Mwanawe Nikhil akachungulia mlangoni: eti nimewageuzia mbwa kuwa nungunungu! Kisha, bila kucheka: Jumamosi ikifika bado anajikokota, nimchome ile nyingine. Ya kumpumzisha milele.
Mama akaendelea kunong'ona.

Jumanne, 4 Machi
Nitajuaje kama anapata nafuu? Macho ya anayempenda hayaaminiki. Yangu pia. – Nimepata! Nyuma ya nyumba yao kuna mchanga wa ziwani. Mguu unaouma haukanyagi kwa nguvu, unyayo wake haudidimii. Nikasimamisha njiti ya kiberiti ndani ya nyayo za miguu ya nyuma, nikaitia alama ya wino usawa wa ukingo, nijue kina. Kushoto: nusu njiti. Kulia: hata robo haifiki.

Alhamisi, 6 Machi
Sindano zimekwisha! Mzigo wa Dar haujafika. Ilinipasa kuwaambia. Badala yake nikabonyeza zile sehemu kwa kidole, kimya. Mama Pramila kafumba macho, ananong'ona vilevile. Niliona aibu. Udadisi wa kuona itakuwaje bila sindano ukaizidi.

Ijumaa, 7 Machi
Kulia: karibu nusu njiti! Nimepima mara tatu. Na jana sikuchoma! Ni sindano za Jumatatu bado zinafanya kazi? Ni kidole? Au ni ile nusu saa ya mama na Kigujarati chake? Sijui. Nimetembea jioni nzima na hilo "sijui".

Jumamosi, 8 Machi
Saa moja asubuhi. Naandika nimeketi juu ya jiwe. Wao wako mchangani, hatua kumi tu. Nilipomwamkia mama aliitikia marahaba, akashika mkono wangu, hakuuachia. Nikhil hakuzunguka: "Daktari Evelina, nijibu moja tu. Sindano zinamsaidia?" Nikampa njiti, nikamweleza alama zake – pima mwenyewe.
Amechuchumaa, suruali ya kazini imelowa magotini. "Nikhil, ngapi?" mama anauliza. Anaifuta njiti, anapima unyayo mwingine. Wa nne huu. Moti amerudi kumnusa sikio, naye hamfukuzi.
Ya Alhamisi sijawaambia.
Sasa anasimama. Anakuja huku, ukucha kwenye alama ya nusu, njiti kaishika kwa vidole viwili kama kitu cha kuvunjika –