Salamu Yangu Kwenye Santuri

Jumatatu, 7 Novemba 1983
Nimepinda sketi tano za shule. Mguu unauma kwa kukanyaga cherehani. Duka la mbele limecheza santuri ya mume wangu Kyalo mara mbili. Katikati ya wimbo ananisalimia: "Syombua wa Emali, wakya!" Halafu ananyamaza, gitaa linabaki peke yake. Aliacha nafasi hiyo makusudi, niitikie. Nami huitikia "Aa," kama Mkamba yeyote, hata nikiwa na pini mdomoni. Mwezi wa nne sasa tangu aende Nairobi, hayo ndiyo maongezi yetu yote.

Alhamisi, 17 Novemba
Barua ya Kyalo kutoka Nairobi. Ukurasa mmoja. Wimbo utarekodiwa upya na mwimbaji mgeni, mwanamke mwenye jina huko. Wenye studio wanasema utachangamka. Krismasi hakuitaja. Nimegeuza karatasi. Nyuma hakuna kitu.

Jumamosi, 3 Desemba
Santuri mpya imefika. Nilimwacha mteja katikati ya vipimo, nikavuka barabara. Gitaa lile lile. "Syombua wa Emali, wakya!" Na pale penye nafasi yangu, yule mwanamke: "Aa." Laini, ya kuvuta, kama aliyezoea kuitwa hivyo.
Nina wivu. Acha niandike tu. Nina wivu.

Jumatatu, 5 Desemba
Mama Ndinda, jirani yangu muuza nyanya, kanikumbatia. "Syombua! Kumbe uko na sauti tamu hivyo na ulikuwa unatuficha? Nairobi ulienda lini?"
Nilicheka. Sikukanusha. Baadaye wakaja wengine wawili na pongezi zao. Nikisema si mimi, watauliza ni nani. Heri nionekane mwimbaji kuliko mke aliyesahauliwa.

Jumanne, 13 Desemba
Mvua. Wateja hakuna. Santuri ya zamani hawaichezi tena. Leo mpya ilipolia nilijaribu kuitikia kwa nguvu, nimfunike yule mwanamke. Sindano ikanidunga kidole. Mjinga mimi. Kitambaa cha watu kimeingia damu.

Jumamosi, 24 Desemba
Amekuja. Saa nane mchana, matope hadi magotini, gitaa mgongoni. Hakuwa ameandika kwamba anakuja. Alisimama mlangoni akitabasamu.
"Syombua, wakya!"
Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa. Akangoja. Nami nilikuwa nangoja, yule mwanamke wa kwenye santuri aitikie.