Kivuli Kinaelekea Ziwani

Kasingirima, 4 Machi 2024

Mwanangu Mwanaima,

Hujambo? Kifua kimeachia? Huku tu wazima, ila goti langu linatabiri mvua kila siku na mvua yenyewe haiji.

Picha uliyotuma kwa karatasi nimeipata. Umefanya vizuri, maana simu yangu ya kitochi haioni picha. Sasa nisamehe kitu. Ulipoenda chuo nililikuta daftari lako chini ya godoro. Watu wana macho kama ya samaki mgebuka, nywele wima! Nikajua mwanangu kaingiliwa na majini. Nikalipeleka kwa mwalimu wa madrasa alisomee. Akafungua, akafungua, badala ya dua akaita wanawe: "Njooni! Dada Mwanaima kawachora wale wenu wa kwenye simu!" Aibu niliyoipata, we acha tu. Lakini nilirudi nacheka.

Mama yako

Tabora, 17 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Kifua kimepoa kwa tangawizi yako. Barua yako nimeicheka mpaka Frida, mwenzangu wa chumbani, akadhani nalia. Hao si majini, Mama. Ni anime, katuni za Kijapani. Picha zangu huwa naziweka kwenye grupu la wanaozipenda. Juzi wamenisema: "Sura bapa kama chapati." Kweli, sijui kutia kivuli. Penseli nimempa Frida. Picha hiyo uliyo nayo ndiyo ya mwisho.

Binti yako

Kasingirima, 2 Aprili 2024

Mwanangu, unakula lakini?

Usiache kuchora. Nimeibeba picha mpaka mwaloni Kibirizi, pale ufukweni, naitazama huku nageuza dagaa. Pua ina kivuli kushoto, shingo ina kivuli kulia. Jua gani hilo? Sisi waanika dagaa, asubuhi kivuli chetu kinaelekea ziwani, jioni kinarudi mjini. Hakijawahi kwenda kote kwa mpigo. Basi nikachovya kidole kwenye masizi ya sufuria nikapaka upande mmoja, ule mwingine nikaufuta kwa kipande cha ndala. Jirani yangu Veneranda akanitania, "Mama Mwanaima, dagaa wanaliwa na kunguru, wewe unapaka watu poda!" Nakurudishia uione.

Mama yako

Kasingirima, 25 Mei 2024

Mwanangu,

U mzima? Wiki saba tangu nikurudishie picha, hujaandika. Nikipiga simu ni "niko sawa, Mama", basi. Nimekuharibia picha ya mwisho, eti? Mimi wa darasa la tatu nikajitia mwalimu. Nisamehe. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

Tabora, 16 Juni 2024

Mama, shikamoo, tena mara mbili. Wa kusamehewa ni mimi.

Ile picha niliiweka grupuni. Yule yule wa chapati akawa wa kwanza kuuliza, "Hiyo penseli gani?" Nikamjibu: masizi ya sufuria ya mama, Kigoma. Frida kanirudishia penseli. Kimya chote hicho nilikuwa nachora, nafuta, nachora tena. Picha hii ninayokutumia ni wewe, mwaloni. Saa sikuandika, utaijua mwenyewe. Asante, Mama.

Binti yako

Kasingirima, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Goti limenyamaza. Nimeona: ni saa mbili asubuhi. Kivuli changu kimeelekea ziwani, na cha kila dagaa vilevile. Macho umenipa ya mgebuka, haya, nayapokea. Asante, mama yangu. Veneranda naye anataka yake, ila yeye achorwe jioni, akishauza.

Kwenye kopo lililokuja na barua hii nimekufungia masizi. Usilimwage. Nimeikwangua sufuria nzima, inang'aa mpaka majirani wanauliza nimenunua wapi.

Mama yako